Mvua Iliyonyeshea Michembe ya Wifi

Bariadi, Jumapili jioni, mwezi wa saba. Upepo mkavu, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi nina aibu.

Aibu yenyewe ina siku tano. Jumatatu nilifunga duka langu la kushonea nguo nikaenda kijijini, kule jirani na Mwandoya, kumsaidia wifi yangu Minza, mke wa kaka, kutengeneza michembe. Viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba mpaka vikauke kabisa. Ndicho chakula cha watoto wake wanne kuanzia Novemba mpaka mavuno mapya. Mwaka huu hawana kingine, maana mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Pamba aliirudia kupanda mara tatu.

Jumanne mchana Minza alikuwa anampeleka mtoto wake mdogo kliniki. Akaangalia wingu upande wa mashariki, akasema, "Wifi, likisogea uanue."

Nilicheka. Mvua ya Julai! Tangu nizaliwe sijaiona kwetu. Nikamwambia aende zake, hilo ni wingu la kupita tu. Kisha nikakaa kivulini na simu yangu.

Ilinyesha.

Wala si manyunyu. Maji yalishuka juu ya jiwe yakibeba vipande vya viazi, na mimi nakimbia na ungo, naokota huku, vinatoroka kule. Nilichowahi kuanua ni kidogo. Vingine vililowa chapachapa, na michembe ikilala imelowa inaota ukungu, basi, ni ya kutupa.

Minza alirudi mbio, mtoto mgongoni, kanga imemgandia mwilini. Nilijiandaa kutukanwa. Ningekuwa mimi ningetukana mpaka majirani wasikie. Yeye alichukua kipande, akakibonyeza, akakinusa, akasema, "Tuichemshe sasa hivi. Itakuwa matobolwa ya kulazimisha."

Matobolwa ni viazi vinavyochemshwa kwanza, ndipo vinaanikwa. Miaka yote hii nakula vyote viwili, sijawahi kufikiria kwamba kimoja kikiharibika njiani unaweza kukihamishia kwenye kingine. Yeye alifikiria hapo hapo, kanga bado inachuruzika.

Tatizo likawa kuni. Kilima cha nyuma ya nyumba ni kipara. Ni baba aliyeifyeka miti yote pale ili apanue shamba la pamba, na pamba hiyo ndiyo iliyoninunulia cherehani ya kwanza, kwa hiyo sina mdomo wa kulaumu. Minza akaenda kwenye rundo la miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, akafukua ile ya chini ambayo haikulowa. Inawaka upesi na kuisha upesi. Majirani wawili wakaja na sufuria zao na mizigo yao ya miti hiyo hiyo, bila kuitwa.

Nikiwa nachochea moto, mdomo wangu ukashindwa kutulia. Nikaanza kuwaeleza ninayosikia redioni, kwamba dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, na kwa miti tunayokata wenyewe, ndiyo maana mvua hazijui tena mwezi wao. Minza alinisikiliza vizuri, kwa heshima kabisa.

"Na hao wenye viwanda," akauliza, "wao wanaanika nini?"

Wale wawili wakacheka. Mimi nikainama kupuliza moto. Sikuwaambia pia kwamba hapa mjini kila mwezi namaliza gunia la mkaa peke yangu.

Tulichemsha mpaka jua likazama. Siku tatu zilizofuata tulianika juu ya mabati, na wingu likionekana tu, hata liwe dogo namna gani, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Tumeokoa zaidi ya nusu. Imesinyaa, imekuwa ya kahawia, lakini inalika. Hata mara moja Minza hakunikumbusha kosa langu, hata kwa utani, naye ni mtu wa utani kweli kweli.

Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu usoni sijawahi kumwambia.

Jana napanda gari, akaniwekea mapajani mfuko wa michembe, kama anavyonipa kila mwaka. "Wabeja, wifi," akasema. Asante! Ya nini?

Leo nimeufungua nipike na karanga. Yote ni myeupe, mikavu, inagongana ikilia. Ni ile ya wiki iliyotangulia, iliyokuwa tayari ndani ya nyumba mvua iliponyesha. Nimetafuta kipande cha kahawia mpaka chini ya mfuko.

Hakuna hata kimoja.

Sikupika. Nimelia kidogo, kisha nimeufunga mfuko kwa kamba ile ile. Kesho sifungui duka, napanda gari la asubuhi kuurudisha. Najua atakataa, na kwa kubishana siwezi kumshinda. Kwa hiyo nitauweka mlangoni kwake na kukimbia, mama mzima wa miaka arobaini na miwili, watoto wake wanione.