Isaka, Mikunjo Ile Haikuwa Yako

Mwaka umetimia, Isaka, tangu siku ile ya Juni uliporuka kutoka kwenye ndege huko Bara Hindi na mwavuli wako ukakataa kufunguka. Vita viliisha miezi miwili baadaye. Laiti vingefanya haraka kidogo.

Hapa Misigiri hakuna aliyefunga mzigo wa mtama kama wewe. Ulikuwa ukiufunga, ukiutikisa, kisha unaufungua na kuufunga upya, nasi tumeshachoka kukusubiri na jua limeshapanda. Hata shuka zetu ulizikunja mwenyewe, maana ulisema mimi, mkeo Dorika, nakunja kama anayefukuzwa. Nilikasirika. Siku hizi nazikunja polepole, na bado hazilingani.

Jeshini walikupa kazi iliyokufaa, kukunja miavuli ya askari wanaoruka. Ulimwandikia mama, "Usiogope, huku mimi nakunja nguo tu." Mama alicheka, akawaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa dobi wa mfalme. Hukumwandikia habari za desturi yenu: kila mwavuli una kadi yenye jina la aliyeukunja, na siku yoyote afisa huchukua mmoja, humwita mwenye jina, humwamuru aruke nao. Hayo tuliyasikia kwa Antipasi.

Antipasi unamjua kuliko sisi. Mlikua pamoja, mkaandikishwa siku moja, mkakunja kwenye meza moja. Alirudi Februari, na kabla hajafika kwao alikuja kwa mama, akapiga magoti, akasema yote bila kuulizwa. Ulipolala na homa alikunja fungu lako, akaandika jina lako kwenye kadi ili usionekane mtegeaji. Siku hiyo alikuwa amelewa. Mwavuli huo ndio afisa aliouchukua, nawe ulipoutazama ulijua mikunjo si yako. Ukamwuliza taratibu, "Ulikuwa umekunywa?" Naye, kwa kuogopa kufungwa, akajibu, "Hapana."

Ukamwamini, ukapanda ndege. Wewe, Isaka, ambaye hukuamini hata fundo langu la kuni!

Mama alimwinua, akampa uji. Mimi sikuweza, nilitoka nje.

Sasa sikia linalotutia hofu. Kisima cha zamani kimekauka na kijiji kinachimba kingine. Anayeshuka kuchimba ni Mathayo, mdogo wako. Anayemfunga kamba na kumshusha ni Antipasi, kwa kuwa hakuna mwingine anayeyajua mafundo yale ya jeshini. Shimo limefika kina cha watu saba. Nikichungulia namwona Mathayo amekuwa mdogo kama Kristina, binti yetu.

Alhamisi iliyopita niliwapelekea maji ya kunywa, nikasikia harufu ya pombe kinywani mwa Antipasi. Nilimnong'oneza Mathayo. Akamgeukia mwenzake, "Kaka Antipasi, umekunywa?"

"Hapana, mdogo wangu."

Mathayo akafungwa kamba, akashuka. Nilibaki pale ukingoni mpaka alipopanda, nimeishika kamba nyuma ya Antipasi, mimi ambaye siwezi kumvuta hata mbuzi mkaidi. Naogopa, Isaka. Naiogopa hapana ile kuliko shimo lenyewe. Nikimwambia Mathayo aache, ananijibu kwamba mtu aliyekiri mwenyewe kosa kubwa namna ile hawezi kudanganya tena. Namwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Anasema nina kinyongo, na huenda ninacho.

Jana alasiri tulikuwa tumekaa tukiandika tangazo hili la kukukumbuka gazetini, Antipasi akabisha hodi. Alimpa mama shikamoo, akaomba jina lake liwe miongoni mwa wanaokukumbuka. Mama aliacha kukoroga uji. Alimtazama, akasema, "Antipasi mwanangu, umekunywa?"

Uji ulifurika motoni, na hakuna aliyeinuka kuuepua.

"Ndiyo, mama," alisema. "Na Alhamisi pia."

Mathayo alikuwa amesimama mlangoni. Aliketi palepale kwenye vumbi. Kisimani hatashuka mtu mpaka mikono mingine ijifunze mafundo yale. Antipasi amesema atawafundisha asubuhi, kabla hajaonja kitu, na mama atakuwa amekaa mbele yake.

Mama ndiye aliyesema Antipasi aandikwe humu.

Tunaokukumbuka ni mama yako Raheli, mkeo Dorika, binti yako Kristina, Antipasi, na mdogo wako Mathayo, ambaye bado tunaye. Hutatutoka moyoni, Isaka, siku zote tulizojaliwa.