Shule Iliyoingia Ndani ya Kioo

Kashojwa,
Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.
Jumanne, 20 Mei 2014

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Pascaline,

Pokea salamu za mdogo wako Sidonie, kutoka huku ambako mvua inanyesha asubuhi na mchana jua linatuchoma kana kwamba halikuona tope la asubuhi. Hujambo wewe? Mgongo umepoa? Shemeji Gervais naye, amemaliza kuzoa theluji au huko Norwei theluji haina likizo? Na mwanao Déo, bado anachagua chakula kama mtoto wa balozi? Mimi ni mzima, nakohoa kidogo tu kwa moshi wa kuni mbichi. Sonia pia ni mzima. Nimelisema hilo mapema ili usiruke mistari ukimtafuta binti yako humu, maana nakujua.

Utashangaa kwa nini naandika wakati tunaongea kila Jumapili. Yaya, kwenye simu hatuongei, tunasalimiana mpaka salio linakwisha. Tena nyumba yenyewe unaikumbuka, ukikohoa chumbani unaambiwa pole jikoni. Kuna mambo siwezi kuyasema Sonia akiwa upande wa pili wa pazia. Barua hii nampa Nestor, yule fundi cherehani wa Misiera. Safari yao ya kuhamishiwa huko Norwei imetoka, wanapanda ndege Alhamisi, na umeniambia shemeji ndiye atakayewapokea uwanjani. Basi ataipokea yeye, na mwambie asiifungue njiani, macho yake nayajua.

Nimekukumbuka sana. Mtu mzima mimi, naona hata aibu kuandika. Kwenye kwaya bado nasimama nikiacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwangu, na wenzangu wamechoka kuniambia nisogee. Miaka mitano sasa. Watu wanasema moyo huzoea, lakini wangu sijui ulikuwa wapi siku wenzake walipokuwa wanafundishwa kuzoea.

Sasa nikupe habari za chuo, maana kwenye simu ulipata nusu tu.

Sonia yuko mwaka wa mwisho wa diploma ya uhasibu kule Biharwe, na wanafunzi wa Nakivale walikuwa wanalala hosteli ya huko, wakirudi kwetu Jumamosi. Baada ya Pasaka ukapiga upepo ambao sijauona tangu tufike nchi hii. Ukaezua paa la madarasa, mabati mengine yakaokotwa ng'ambo ya barabara ya Masaka. Hosteli ikajaa maji. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Ila chuo kikawaambia wanafunzi wote warudi makwao, kwamba muhula utamaliziwa kwenye kompyuta, kwa intaneti, na atakayekosa wiki ya kwanza ya masomo hatafanya mtihani wa mwisho. Wakapewa siku chache za kujiandaa, basi.

Mwalimu wao anaitwa Hamim, Mwislamu wa Mbarara, mpole, ana kitambi chake cha heshima. Alikuja mwenyewe kwa bodaboda, amepakata sanduku la kompyuta za kuazima kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa zahanati. Akanitafuta mimi kwa kuwa nafundisha chekechea na ndimi ninayeshika ufunguo wa ukumbi wa kanisa. Akanionyesha kuchomeka modemu, kufungua kamera, kuzima sauti wakati huongei. Kisha akaniomba niwazoeze wanafunzi wa upande huu. Nilicheka, nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

Siku ya majaribio kila mmoja alibaki kwao na kompyuta yake, mwalimu akiwa Biharwe. Mimi nilikaa kwa Gradi, mjukuu wa bibi Nyirabizimana, jirani yetu wa upande wa kisima. Mwalimu alipotokea kwenye kioo, bibi akatoka jikoni, akajifuta mikono, akaleta kiti. Nakuapia, yaya, alileta kiti akakiweka kando ya kompyuta kwa ajili ya mgeni. Kisha akaanza kumsalimu inavyotakiwa: habari za nyumbani, za mke, za watoto, za ng'ombe. Mwalimu kwa adabu zake akajibu zote, na ng'ombe akawaeleza mmoja mmoja. Walipofika kwenye habari za mvua, bando likakatika.

Kwa wengine hali haikuwa nafuu. Msichana mmoja alitumwa maji katikati ya somo, kwa kuwa mama yake alimwona amekaa tu anatazama kioo. Na kwa kweli mama yule simlaumu. Kwetu shule ni kutoka. Ukivaa viatu asubuhi ukaondoka, hata mama mkwe atakuheshimu. Ukibaki umeketi mkekani, utachambua maharage, uwe na diploma au usiwe nayo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi yangu si kufundisha vitufe. Nikapita nyumba kwa nyumba kuongea na wazazi, na wale wagumu niliwatolea ule ukali wangu. Nikafungua ukumbi wa kanisa, tukapanga mabenchi, Gradi akavuta waya kutoka kwenye sola ya mchungaji. Kompyuta moja tukaiweka mezani mbele, pale ambapo mwalimu angesimama. Nikawaambia saa mbili asubuhi kila mtu awe amefika, amevaa viatu, amechana nywele, kama anakwenda Biharwe.

Wote walikuja kujizoeza isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni wako.

Siku zile Sonia aligeuka mtu wa kazi nyingi. Mara kufua, mara shambani, mara kichwa kinauma. Kompyuta yake ilikaa chini ya kitanda, hata hakuitoa kwenye mfuko. Nikavumilia, nikavumilia, halafu nikalipuka. Nilimwambia kwamba wewe unapiga deki maofisi ya watu kabla ya jua kutoka, na huko jua lenyewe kuna miezi halitoki. Nilimwambia kwamba nafasi yake wanaililia wengi, na yeye anaitupa kwa uvivu. Aliniacha nimalize. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. Kisha akasema polepole:

"Mama alikuwa mutu, mama mudogo. Akaingia mu telefone, hakutoka tena. Sasa na masomo inaingia mule mule. Mimi sitaki tena."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikalia, nikarudi, nikainjika mchele.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini hamuonani kwa picha tangu umletee ile simu yenye kamera, nami nimekuwa nautupia lawama mtandao. Mtandao ni mbovu kweli, lakini anayezima picha ni yeye. Anasema sauti yako anaiweza. Uso wako mbele yake, halafu akinyoosha mkono anagusa kioo, hilo haliwezi. Usimwone mkaidi, yaya. Yule mtoto alitoka Fizi, kwetu Kongo, na watu asiowajua kuja kukutafuta, akakukuta faili lenu la kuhamia Norwei limeshafungwa bila jina lake. Hamkumaliza hata msimu mmoja wa mahindi pamoja, ukapanda basi la kwenda uwanja wa ndege na mdogo wake Déo. Tuliamini atakufuata upesi. Mpaka leo tukienda ofisi ya wakimbizi jibu ni kusubiri, na mtoto amekuwa mwanamke katika kusubiri huko.

Jumatatu ya wiki iliyopita somo la kwanza likaanza. Nilimbebesha Sonia mtungi wa maji ili angalau afike mlangoni, na mlangoni ndipo alipokomea. Akasimama nje, ameegemea fremu ya mlango, mahali ambapo anakiona kioo na kioo hakimwoni. Nilimwacha. Nilikuwa nimekwisha sema yangu yote na hayakusaidia.

Mwalimu alipotokea, ukumbi mzima ukasimama kumsalimu, kama tulivyozoezwa kwetu, na yeye kule akabaki anaona vifungo vya mashati. Kwa heshima naye akasimama, tukabaki tunaangaliana na kitambi. Tulicheka mpaka mchungaji akaja kuchungulia. Sonia hakucheka.

Tulipokaa akaanza kuita majina. Alipofika kwa Sonia, Gradi akasema hayupo. Mwalimu akavua miwani, akasema kwa kile Kiswahili chao cha Mbarara:

"Huyo Sonia, mimi najua iko karibu hapo. Mimi nangoja yeye."

Nikamkumbusha kwamba bando linakwenda. Akasema liende. Kisha akaishika kompyuta yake akaigeuza taratibu ili tuone alipo. Yaya, alikuwa amekaa ndani ya lile darasa lao la zamani. Juu ni mawingu, ubao umelowa, madawati yamerundikwa pembeni. Kipande cha bati kilichosalia kinamkinga yeye na meza yake tu.

"Nyinyi munafikiri ni nyinyi tu mulibaki," akasema. "Hata mimi nilibaki. Kila saa naangalia kioo, hapa hakuna mutu."

Akaigeuza tena, akaweka mikono mezani, akangoja. Jina linalofuata hakuliita. Wanafunzi wakainamisha vichwa. Mimi nikawa naangalia dari, natafuta cha kuomba na sikipati, kwa sababu nilijua kwamba akivuka jina hilo, Sonia hatarudi tena. Kisha nikasikia mtungi unatuliwa chini. Akaingia na viatu vya tope, akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya meza.

"Présent, mwalimu," akasema.

Mwalimu akavaa miwani, akaandika, akaendelea na jina linalofuata. Wala hakumuuliza alikuwa wapi. Kwa hilo tu ningemlisha kuku mzima siku akija.

Hajakosa hata somo moja tangu siku hiyo. Jana mwalimu alinithibitishia kwamba jina lake limo kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Sasa ndiye anayewafuata wenzake majumbani asubuhi, na mama yeyote akisema binti yake ana kazi ya kuteka maji, Sonia anaichukua ile ndoo mwenyewe, anakwenda kisimani mbio, anairudisha imejaa, wanaondoka wote wawili. Bibi Nyirabizimana anakuja kila siku saa mbili asubuhi, anamsalimu mwalimu kwa niaba ya kijiji kizima, kisha anarudi kwake. Tumekubaliana ng'ombe wawe wa Ijumaa tu.

Nikuambie na la kwangu. Siku ile mwalimu alipokuwa anangoja, mimi niliona wivu. Nilimtazama mtu mzima ameweka mikono mezani, anamsubiri mtu mmoja asiyemwona, bando likiungua, nikajiuliza kama kuna mtu popote duniani anayenisubiri mimi namna hiyo. Halafu nikakukumbuka wewe, jinsi ulivyokuwa unakataa kula hadi nirudi kutoka shambani, hata nikichelewa kwa umbea wangu. Nina njaa ya kusubiriwa na wewe, yaya. Sina njia nyingine ya kulisema.

Wanakusalimu wote. Gradi anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko mtu anaweza kuzeeka bila kumjua jirani yake. Bibi Nyirabizimana anakusalimu, anasema usivae nguo za kubana kwenye baridi. Mchungaji na mke wake wanakuombea. Mpe mkono shemeji Gervais, mvute Déo sikio kwa niaba yangu, na mbusu Marie mdogo mliyempata huko, ambaye hajui kama ana shangazi au ana mama mdogo. Mwambie ana mama mdogo.

Kuna neno moja nimeliacha makusudi liwe la mwisho.

Jana mchana tulikuwa nje tunachambua maharage, mimi na Sonia. Akaniuliza bila kunitazama:

"Mama naye ananingojaka vile? Macho mu kioo?"

Nilimwambia nyumba yako siijui, siwezi kuapa. Lakini nilimpa siri aliyoniambia shemeji, naye anisamehe. Nilimwambia kwamba kila Jumapili simu ikishakatika wewe unabaki umekaa nayo mapajani, kioo kimeshazimika, na chakula kinapoa mezani, na watoto wamejifunza kukupita polepole.

Maharage yakaisha, akaendelea kupapasa ungo mtupu. Ndipo aliponipa maneno haya nikupelekee, nami nakuandikia kama yalivyotoka mdomoni mwake:

"Dimanche umwambie afungule picha. Nitaikala mbele yake. Nikilia, asizimishe."

Mungu akushike mpaka Jumapili hiyo, akuache na nguvu za kuitazama.

Mimi mdogo wako nikupendaye, hapa na popote,

Sidonie