Nyigu wa Chini ya Kitanda

Jumapili, 2 Novemba 2025

Valéry amenipeleka Gasenyi kunionyesha kiwanja chetu, tutakapojenga tukishaoana. Hapa sebule, hapa jiko — anapima kwa hatua, jasho linamtoka, mzuri kweli. Mimi sikusikia neno! Kwa jirani kuna mti wa umurinzi, na majani yake yamejaa nundu, nundu kila mahali. Nikaruka mtaro na viatu vya kanisani. Valéry akauliza kama nimeipenda sebule. Nikasema sana. Sijui hata iko upande gani.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepasua nundu moja chini ya hadubini, kazini, maabara ya Mutanga Sud. Ndani kuna vijumba, na kila kijumba kina mwenyewe! Funza weupe wamejikunja. Mama nyigu anataga yai ndani ya jani, jani linavimba, mtoto anapata nyumba na chakula kwa pamoja. Kijumba kimoja kilikuwa na jike mzima, mabawa tayari. Nikamwita Profesa Namegabe. Huyu bosi wangu amechambua nyigu miaka thelathini na hacheki ovyo. Aliinama pale hadi shingo ikamuuma.

"Lisette, huyu mi simujui."

Yeye! Hamjui! Nimerudi nyumbani Ngagara nacheka peke yangu njiani, watu wananipisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Majike kumi na mmoja wametoka kwenye nundu nilizofungia ndani ya vichupa. Milimita moja na ushee, wa manjano, wana kiuno ambacho mimi sitakipata kamwe. Wawili walizama kwenye jasho la kichupa, ule unyevu wa kiooni — tone moja tu, antena zikagandana zikakatika. Pole zao.

Dume hakuna. Na Profesa amekaza: bila dume aliyetoka kwenye nundu hizi hizi, na antena zake nzima, hatumpi nyigu jina. Dume hujulikana kwa antena, zina nywele ndefu. Makala yetu ya kumtangaza inaondoka mwisho wa mwezi. Tukikosa, nyigu wangu ataandikwa "hajulikani" na tusubiri mvua za mwaka ujao. Mwaka mzima! Nilikimbia tena Gasenyi: nundu zilizobaki mtini zote zina matundu, wenyewe wamehama.

Ninazo thelathini ambazo hazijatoboka. Kila moja na kichupa chake, chini ya kitanda changu kwenye kivuli, niziangalie asubuhi na jioni.

Usiku nimemwota dume. Hakuwa Valéry. Sitamwambia.

Jumatano, 19 Novemba

Balaa!

Shangazi Prudence amekuja kutoka Nyakabiga kutayarisha Jumamosi, siku ambayo familia ya Valéry inakuja kunisaba, yaani kuniposa. Akafagia. Akafagia mpaka chini ya kitanda! Nilipofika kutoka kazini alikuwa amesimama katikati ya chumba na chupa ya maji ya baraka mkononi. Amekuta umurinzi. Mti wa Kiranga, mti wa matambiko ya zamani, umefichwa chini ya kitanda cha bibi arusi, tena umekatwakatwa na kutiwa ndani ya vichupa.

"We mutoto, unamufanyia Valéry dawa?"

"Apana, Shangazi! Ni nyigu!"

Akashika kichwa. "Na nyigu pia?"

Vyote alikuwa ameshavimwaga jalalani. Nilimpigia kelele. Shangazi yangu mwenyewe! Sijawahi, na aibu bado inaniwasha.

Valéry alikuja na shati lake la ofisini. Nikamweleza. Akapiga magoti jalalani, kwenye maganda ya ndizi, akaanza kutafuta. Tumepata nne. Alinionyesha ya tano kwa fahari kubwa: haragwe. Tukacheka mpaka nikakaa chini kwenye uchafu. Nampenda huyu mtu vibaya sana.

Ijumaa, 21 Novemba

Moja imeoza. Nyingine imetoa nyigu mweusi, mrefu, anatembea kama mkubwa wa ofisi — sio mwenye nyumba. Ni yule anayeingia kwa mwenzake na kumla. Nimemtukana.

Zimebaki mbili.

Shangazi hasemi nami. Anapiga pasi imvutano yangu, vazi langu la kesho, anapiga kwa nguvu. Nimemsikia jikoni akimuuliza Baba kwa sauti ya chini kama kweli hiyo ndiyo kazi yangu, na kama serikali inajua.

Jumamosi, 22 Novemba, saa nane

Nimevaa, nimepakwa, nimefungiwa chumbani mpaka niitwe. Shangazi ndiye mlinzi wangu. Sebuleni wanaume wanachezeana maneno. Msemaji wa kina Valéry anasema wameona ua zuri hapa kwetu. Wetu anajibu hapa hatulimi maua, aeleze vizuri. Watu wanacheka. Watamaliza kesho.

Vichupa viko mezani, karibu na poda.

Saa tisa kasoro robo

Kuna tundu! Nundu ya kushoto! Kuna kitu kinatafuna kutoka ndani!

Shangazi akauliza nini tena. Nikampa lenzi tu. Akainama na kilemba chake chote. Halafu: "Eh! Kuko mutu ndani."

Kichwa kimetoka. Kichupa kina jasho, nikichelewa atazama. Shangazi hataki kurudisha lenzi. Ananong'ona, "Sukuma, mwanangu, sukuma," na nyigu anasukuma kweli!

Wanagonga. Wamekubaliana, bibi arusi atoke. Vigelegele huko nje. Ee Mungu, sasa hivi?

Antena moja inajikunjua. Bila lenzi sioni kama ina zile nywele ndefu. Nimesimama niende. Shangazi amenikalisha tena kwa bega.

Wanagonga tena — sasa ni Baba mwenyewe. Shangazi ameegemeza mgongo wake wote mlangoni, na kitambaa chake cha sikukuu.

"Bado! Bibi arusi bado! Munywe kwanza!"

Halafu kwangu, kwa hasira: "We, unaandika nini? Mi nashika mulango. We shika mutoto!"

Naacha kalamu, nachukua brashi nimtoe.