Kiti cha Dada Yako

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Ile timu ya mbio za magari mliyoianzia wewe na dada yako uani kwangu sasa inatangazwa mpaka redioni. Tangu wapatikane wadhamini, mume wa dada yako amejifanya bosi. Juzi alileta dereva mwingine, jibaba, aendeshe badala ya dada yako.

"Mama, hii sasa ni biashara," akaniambia.

Lakini kiti cha gari kilitengenezwa kwa kipimo cha dada yako, na jibaba halikuenea. Shemeji yako akaagiza kibadilishwe, mafundi wakasema spana hazionekani.

"Mama, hujaziona?" shemeji yako akaniuliza.

"Baba, mimi na spana wapi na wapi?"

Sanduku la spana nilikuwa nimelikalia.

Jana wadhamini walikuja kwenye mazoezi, dada yako akaendesha yeye, akawaacha midomo wazi. Jumapili kwenye mbio anaendesha yeye. Shemeji yako amenuna, ila chakula changu anakula.

Nimempigania, mwanangu, lakini ule mwendo wake siwezi kuutazama. Mbio zikianza nipigie simu, uzungumze nami mpaka ziishe.

Mama yako anayekuwaza