Baba Alinikalia Matanga Nikiwa Hai

Mpendwa Shangazi Záli wa gazetini, naomba msaada wako na naomba haraka, maana leo ni siku ya tatu ya matanga ya baba yangu na mimi nimekaa jikoni kwangu sijui hata kama nina haki ya kulia.

Miaka mitano iliyopita mimi na mume wangu Ödön tulibatizwa, si kwa imani, nisikudanganye, tulichoka tu kuwa Wayahudi, tulitaka mtoto wetu aende shule bila kutemewa mate, tukabadilisha hadi jina la ukoo, na baba aliposikia akavua viatu, akakaa kwenye kigoda akanililia siku saba kama maiti, na tangu hapo tukipishana sokoni hapa mjini Miskolc alikuwa anatazama pembeni. Nikajipa moyo kwamba Wakristo tuliowafuata watatuzoea. Hawakutuzoea. Mwaka huu ikaja sheria mpya ya serikali dhidi ya Wayahudi ikasema ubatizo wetu ulichelewa, sisi ni Wayahudi vilevile, na Ödön akaachishwa kazi, kwa hiyo nimekosa huku na huku.

Alhamisi vijana wachukiao Wayahudi wakamvamia baba dukani kwake alikokuwa akiuza manyoya ya bata bukini, wakapasua magunia, wakamvuta ndevu, wakamlazimisha aokote manyoya barabarani mojamoja huku watu wanacheka, na moyo wake ukasimama akiwa bado amepiga magoti. Ijumaa akazikwa, mimi sikuambiwa. Leo asubuhi nikachana gauni langu kama desturi yetu ya msiba, nikaenda, kaka yangu Naftali akanizuia mlangoni.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kumlilia baba."

"Tangu lini maiti akamlilia maiti mwenzake? Na hebu ona, umechana upande wa kulia! Mzazi huchaniwa kushoto, penye moyo. Hata hilo padri wako kakusahaulisha?"

"Naftali, niache niingie."

"Mkataa kwao mtumwa, Gizi. Mungu anatuchapa kwa ajili yenu nyie mliotaka kufanana nao. Wewe ndiye uliyemuua baba."

Mama alikuwa nyuma yake ukumbini, vioo vyote vimefunikwa mashuka kwa ajili ya msiba, akaniuliza kama nimekula, kisha Naftali akafunga mlango. Nikaenda kwa padri, akanipa maji, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, taifa lile lilimkataa Bwana na damu yake iko juu yao. Shukuru wewe umetoka." Shangazi, baba yangu alikuwa anapima manyoya tu. Kama ni mimi niliyemuua nitaishije, na kama si mimi, mbona hawa wawili wanaomjua Mungu wote wanasema kosa ni letu?

Marehemu wa Miskolc

*

Binti yangu, mimi sitakuita marehemu. Barua yako imefika leo, siku ya nne, kwa hiyo jibu nakuandikia kwa mkono na kulipandisha treni ya jioni. Gazetini litatoka baadaye, kwa ajili ya wenzako, nanyi ni wengi kuliko unavyodhani.

Kwanza nikugombeze. Hukuyaamini uliyoyaacha wala uliyoyashika, na kwa miaka mitano hukumwendea mzee hata mara moja. Hilo ni lako, libebe. Lakini hukumuua. Waliomuua wana majina, na leo wanakunywa bia zao kwa raha. Kaka yako anasema Mungu amekasirika kwa sababu mlitaka kufanana nao, padri anasema amekasirika kwa sababu wengine hawakutaka, na wote wawili wamemruka kijana aliyeshika ndevu. Baba yako hakufanana nao hata siku moja, wakamuua. Mumeo amefanana nao mpaka jina, wakamfukuza. Anayekuambia kwamba Mungu amemnong'oneza sababu, usimkaribishe chai.

Naftali mhurumie kidogo, hata kama mdomo wake ni mchafu. Anatafuta kosa letu sisi Wayahudi kwa sababu kosa likiwa letu tunaweza kulirekebisha, halafu watatuacha. Nami niliamini hivyo zamani. Nimesoma barua zenu miaka kumi na sita na siamini tena, na inaniuma kukuandikia hivi.

Basi fanya hivi. Vaa gauni lilelile, lichane kushoto. Chemsha mayai, chakula chetu cha wafiwa, chukua na mkate, nenda mara tu upatapo barua hii. Kaka yako akikufukuza usijibizane naye, keti kwenye ngazi, chini, bila viatu, na kesho yake urudi, mpaka siku saba ziishe. Majirani watasema, waache waseme. Mlango huenda usifunguke, sikuahidi.

Ila kuna jambo uliliandika mbiombio ukalipita kana kwamba si kitu. Mama yako alikuuliza kama umekula. Mwanangu, maiti haulizwi kama amekula. Umekaa siku nzima unaniuliza mimi maswali, na yeye bado hujamjibu lake. Nenda ukamjibu.