Bolti Sita

Kwako Baba,

Nilikuwa na miaka kumi na minne uliponipa bunduki ya kwanza kuisafisha. Ilikuwa Enfield, bunduki ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyokaa ghalani hadi grisi yake ikageuka gundi. Tulikaa gereji pale Houston, mlango wazi, jasho likitutiririka, tukiifuta kwa matambara ya fulana zako kuukuu. Mbao hukuniruhusu kuzipiga msasa. Ulisema kila mkwaruzo ni mkono wa askari fulani, na anayeusugua anamfuta mtu. Tukazipaka mafuta ya kitani kwa viganja mpaka viganja vikawaka moto.

Babu alibeba bunduki kama hiyo kule Burma. Vita vilipokwisha Mwingereza aliichukua bunduki yake, Babu akarudi Nyeri na koti tu. Nadhani ndiyo maana ulizinunua zote sita, moja baada ya nyingine, kwa mshahara wa uuguzi, ingawa hukuwahi kusema.

Sheria yako kubwa ilihusu bolti, kile chuma cha nyuma kinachovutwa na kusukumwa ili risasi iingie. Bila hicho, bunduki ni gongo tu. Kila bolti ina namba iliyochongwa, ileile ya bunduki yake. “Ukizitenganisha,” ulisema, “umeharibu zote mbili.”

Athumani aliipenda sana sheria hiyo. Rafiki yako huyo wa Tanga, dereva wa lori aliyestaafu, alikuja kila Jumamosi na vitumbua, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hakushika hata parafujo.

“Hata ndoa za watu huzitetei hivi,” alikuambia.

“Kunywa chai yako, mtu wa Tanga. Hii kazi inataka wanaume.”

“Na Kiswahili chako kinataka fundi. Kimeota kutu kuliko hayo machuma.”

Ulicheka mpaka ukakohoa. Tangu Mum afariki, hakuna mwingine aliyekuchekesha hivyo. Hata mimi sikuweza.

Kisha akili yako ikaanza kuondoka. Kwanza ulisahau jiko likiwaka, halafu njia ya kanisani. Siku moja jirani yako akanipigia simu kazini Plano, mwendo wa saa nne kutoka kwako: ulikuwa dirishani, umemwelekezea bunduki mtu aliyeleta vifurushi, ukimwita askari wa mkoloni. Haikuwa na risasi, lakini yule mtu angejuaje? Niliendesha gari moja kwa moja hadi Houston, nikakukuta umelala. Nilizitoa bolti zote sita, nikazifunga kwa soksi zako, nikazipeleka nyumbani kwangu Irving. Nilijiambia nitakueleza siku utakayoamka ukiwa na nafuu. Siku hizo zilikuwepo, Baba. Niliziacha zipite kwa sababu niliogopa uso wako.

Baada ya wiki mbili ukanipigia.

“Nyambura, Athumani ameniibia bolti. Hakuna mtu mwingine anaingia hapa.”

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati nilimozificha. Nikasema, “Pole, Baba.”

Ulimwita mwizi kwenye duka la nyama, mbele ya watu anaoswali nao. Walionisimulia wanasema hakubishana. Alisema tu, “Ndugu yangu, mimi hayo madude hata kuyashika naogopa,” akaiacha nyama yake kaunta akatoka. Hakuja tena. Nami kila Jumapili nilipanga kumpigia simu Jumatatu.

Ulisahau jina langu. Ulisahau kwamba Mum amekufa, ukawa unamngoja atoke zamu. Hilo la Athumani hukulisahau. Jumamosi yako ya mwisho uliuliza ni nani anakuja, nikakujibu nimeshakuja mimi.

“Yule mwizi haji?”

Sauti yako ilikuwa ya mtu anayetamani aje. Nesi alikuwa chumbani, nikaona haya kusema mbele yake.

Wiki iliyopita, baada ya kukuzika, nilizirudisha bolti, kila moja kwenye bunduki yenye namba yake, kisha nikaenda kwa Athumani. Alinipa pole ya msiba na kunionyesha kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alivutavuta ncha ya kikoi chake.

“Ulikuwa unamlinda baba yako,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Na mimi, nani alikuwa ananilinda?”

Nikamwomba radhi.

“Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mimi nilijua kuwa sikuiba. Wa kuambiwa alikuwa baba yako.” Alikuwa akiutazama mlango. “Amekwenda kwa Mungu akijua rafiki yake ni mwizi. Sasa hilo mimi nilifanyie nini?”

Alinisindikiza hadi kwenye gari, kama mgeni yeyote. Hakusema nirudi.

Nitaisoma barua hii kwa sauti kwenye kaburi lako, kisha nitaibandika kwenye duka la nyama ili waliokuwa pale siku ile nao waisome. Bolti nilizichukua mimi. Athumani hakuiba kitu. Ni sentensi mbili, Baba, na zingetosha kwenye simu ile, wakati bado ulikuwa ukiniita jina langu.

Binti yako