Mlio Ambao Hukuwaambia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza barua bila kukuamkia.

Wajenzi wamerudi Makote. Ni kampuni nyingine, imekuja na lori la saruji kutoka Masasi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kung'oa vichaka vilivyoota ndani ya zahanati yako. Kuta ziko vilevile ulivyoziacha, zimeishia kwenye linta juu ya madirisha, bila paa. Msimamizi wao aliweka timazi kwenye pembe ya wodi ya wazazi, akasema aliyejenga hapa alikuwa fundi kweli. Nilitaka kujivuna, nikashindwa.

Unaikumbuka ile miaka ya ruksa ya biashara ilipoanza kutufikia? Mitumba ilijaa sokoni Newala, na kandarasi ya zahanati akapewa mtu binafsi kutoka mbali. Mafundi wake waliogopa tangu siku ya kwanza. Vita vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, wakimbizi walipita kwetu na watoto mgongoni, na haikupita wiki bila uvumi kwamba wenye silaha wamevuka mto. Wawili walitoroka kabla msingi haujakauka. Waliobaki walibaki kwa sababu yako, mwashi pekee mwenyeji. Siku moja nimekuletea chakula, nikamsikia msimamizi wao akikuuliza wafanye nini wakisikia bunduki. Ulimjibu huku unafuta mwiko:

"Mlio wa sherehe zetu nitakuambia mimi kabla. Usioambiwa, usiulize. Ondokeni."

Nilikupenda sana siku ile. Nilikuona mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Halafu nikaingia jandoni, likumbi tunavyoita wenyewe. Mchana wa kutoka kwetu ukawapanga wajomba na magobori manne, maana mimi ni mwanao wa kwanza wa kiume. Wakafyatua mpaka moshi ukatanda kwenye mikorosho. Nilikuwa nimepakwa mafuta, nimevikwa nguo mpya, nacheka hadi mashavu yanauma. Wewe ulikuwa unapokea wageni, na wajenzi ukawasahau. Kesho yake ulikuta kambi tupu na mwiko umegandia kwenye udongo wa saruji. Walikuwa wamefanya ulivyowaagiza. Habari kwamba Makote imevamiwa ilishafika Masasi, na hakuna mkandarasi aliyekubali tena kukanyaga kwetu.

Mwaka uliofuata mama alishikwa na uchungu. Tulimbeba kwa machela kumteremsha hospitali ya Ndanda, akajifungua njiani. Mdogo wangu hakulia hata mara moja. Tuliporudi ulipita mbele ya zile kuta bila kugeuza shingo.

Hukuwahi kulisema kosa lako, baba. Ulilaumu vita, ukamlaumu mkandarasi kwa uoga, ukailaumu serikali. Mama ndiye aliyeniambia baada ya kukuzika, tena bila kulalamika. Alisema tu, akikuita kwa jina langu kama kawaida yake, "Baba Hamisi alikuwa na neno moja la kupeleka." Vita vilileta hofu, sikatai. Lakini wale watu walikuwa wameikabidhi hofu yao kwako uwashikie. Na mimi je? Milio ile ilikuwa yangu. Miaka yote hii nikipita pale naona aibu ya kicheko changu.

Jumamosi iliyopita mjukuu wako Saidi alitoka likumbi. Wajomba zake walileta magobori. Ng'ambo kumetulia sasa, ila msimamizi huyu mpya bado huniuliza kama mto uko shwari. Asubuhi ile, hata sijaoga, nilimfuata kwenye zahanati nikamwambia:

"Saa saba mtasikia bunduki. Ni za mwanangu."

Akasema ahsante, Baba Saidi, akaendelea kupima mbao. Bunduki zilipolia nilikuwa nimesimama mahali ninapowaona wajenzi, sikumwangalia mwanangu. Fundi mmoja juu ya kenchi za paa alinyanyua nyundo kutusalimia, kisha akarudi kupigilia msumari wake.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu kwenda zahanati kumwambia na kurudi kulinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nakuombea kila Ijumaa, baba, na sitaacha. Kukusamehe bado sijaweza.

Mwanao,
yule uliyempigia bunduki.